Unga mweupe juu ya nyanya: Jicho la mnunuzi wa mpakani na sumu nyumbani kwa mkulima

Mfanyabiashara anayepakia nyanya Arusha na kuzishusha Nairobi kupitia Namanga anaijua nyanya yenye unga. Anaijua pia mwenzake anayezitoa Mbale kuzipeleka Kenya kwa njia ya Malaba au Busia. Ni nyanya iliyoganda vumbi jeupe, mara nyingine la kijivu au lenye kuelekea buluu, hasa karibu na kikonyo. Katika masoko mengi vumbi hilo limegeuka kuwa muhuri wa ubora. Mnunuzi akiliona hujiambia kuwa nyanya imetunzwa, haitaoza njiani, itafika sokoni ikiwa ngumu. Wapo wanaoiruka nyanya safi wakachagua yenye unga, na wapo wanaoshusha bei ya tenga zima kwa sababu nyanya zake hazina alama.

Vumbi hilo ni dawa ya ukungu. Mara nyingi ni mankozebu, ambayo kwenye pakiti husomeka mancozeb, inayopigwa kuzuia ugonjwa wa bakajani. Kazi yake ni kukaa juu ya jani na tunda ili vimelea vya ukungu visiote. Haifanyi ganda la nyanya kuwa gumu. Haiponyi nyanya iliyokwisha kubonyea, na iliyopasuka ndani ya tenga itaoza hata ikipakwa unga kama andazi.

Tafiti zilizofanywa Uganda na kuchapishwa mwaka 2015 na 2017 zilimulika unga huo kuanzia shambani hadi kibandani. Wakulima wengi waliohojiwa walikuwa na wasiwasi juu ya kupiga dawa karibu na mavuno, lakini waliona hawana njia nyingine. Wahojiwa wengi walijua pia kwamba zipo nyanya zinazopakwa dawa ili zidumu na zivutie wanunuzi. Mabaki kwenye baadhi ya nyanya yalizidi kiwango cha Codex, yaani kanuni za kimataifa za usalama wa chakula, ambacho kwa kundi hilo la dawa ni miligramu 2 kwa kila kilo ya nyanya. Habari njema ndogo ilikuwa kwamba kuosha kwa maji kulipunguza mabaki hayo.

Habari za namna hii huandikwa zikimwelekea mlaji, na si vibaya. Lakini mlaji ndiye wa mwisho kwenye foleni. Kabla nyanya haijamfikia, kuna mtu aliyeibeba dawa hiyo mgongoni, kuna aliyeichanganya, kuna aliyefua nguo zilizolowa, na kuna waliochuma kwa mikono mitupu. Mara nyingi watu hao wote wanalala nyumba moja. Na kinachowafanya wapige dawa siku mbili kabla ya kuvuna, kwa sehemu isiyo ndogo, ni jicho la mnunuzi.

Bomba linalovuja

Mwaka 2007 watafiti walioongozwa na Aiwerasia Ngowi walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kwa wakulima wadogo wa mboga kaskazini mwa Tanzania, eneo ambalo nyanya na vitunguu vyake vinafahamika vizuri Namanga. Asilimia 68 walisema wamewahi kujisikia wagonjwa baada ya kupiga dawa. Walitaja matatizo ya ngozi, kichwa kuuma na kizunguzungu. Karibu theluthi yao walikuwa wakichanganya dawa zaidi ya moja ndani ya bomba moja, na wapo waliopiga dawa mara 16 au zaidi katika msimu mmoja. 

Mtu akisikia neno sumu hufikiria kunywa. Shambani dawa huingia zaidi kwa ngozi. Bomba la mgongoni la lita 16 au 20 ambalo mfuniko wake haubani vizuri, au mpira wake wa ndani umechakaa, humwagia mbebaji dawa kila anapoinama. Shati hulowa mgongoni, maji hushuka kiunoni, naye hulivaa shati hilo mpaka jioni. Ngozi haipitishi dawa kwa kasi moja mwili mzima: ya kwapani na ya kinena huipitisha upesi kuliko ya kiganja, na hayo ndiyo maeneo yanayobaki na unyevu siku nzima.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye kuchanganya, kwa sababu wakati huo dawa bado ni kali, haijazimuliwa. Kipimo huwa kifuniko cha chupa au kijiko cha jikoni. Kikorogeo huwa kijiti, au mkono. Katika nyumba nyingi wanaochota maji ya dawa ni mke na watoto, na ndoo ile ile hurudi jikoni. Nguo za kupigia dawa hufuliwa na mama, kwenye beseni moja na za mtoto mchanga. Mwanamke huyo akiulizwa atasema hajawahi kushika bomba, na atakuwa anasema kweli.

Watoto wana hatari yao ya peke yake. Mwili ni mdogo, hivyo kiasi kile kile cha dawa huwa kikubwa kwao. Mikono yao huishia mdomoni. Halafu kuna suala la mahali pa kuhifadhia: dawa ni ghali na huibiwa, kwa hiyo familia nyingi huiweka chumbani chini ya kitanda, au jikoni juu ya mfuko wa unga, mahali ambapo mwizi hafiki lakini mtoto anafika.

Kuna imani moja ambayo imevuka mipaka yote ya Jumuiya bila cheti chochote, nayo ni kwamba maziwa huua sumu. Mkulima hunywa nusu lita kabla ya kazi akajiona amejikinga. Maziwa hayaizuii dawa inayopita kwenye ngozi wala inayovutwa na mapafu. Na dawa za wadudu za kundi la organofosfeti, ambazo zimetumika sana katika mboga za ukanda huu, hufanya kazi ambayo maziwa hayawezi kuirekebisha: huzima kimeng'enya kinachotuliza misuli na tezi baada ya neva kutoa amri. Kikizimwa, amri haikomi. Mate na machozi hutiririka, mboni za macho husinyaa, mtu hutoka jasho, hutapika, huharisha, misuli hutetemeka, na hali ikizidi pumzi hushindwa.

Kuhusu vifaa vya kujikinga, maneno mengi yamesemwa na machache yametendwa, kwa sababu ovaroli nzito na barakoa ya mpira ni mateso kwenye jua la saa sita. Lakini kinga ya kwanza haihitaji fedha nyingi. Mpira mpya wa bomba ni kitu cha bei ndogo kuliko vifaa vyote. Karatasi ya nailoni ikifungwa kati ya bomba na mgongo huzuia sehemu kubwa ya kile kinachomwagika. Glovu za mpira ni lazima wakati wa kuchanganya, hata kama baadaye mtu atazivua. Suruali ivaliwe juu ya buti, si kuchomekwa ndani, la sivyo dawa itateremka na kujaa mguuni. Upepo uwe mgongoni, kazi ifanyike alfajiri au jioni, na shati lile liwe la kazi hiyo tu, lifuliwe peke yake kwa sabuni na aliyelivaa.

Kantangaze na simu ya jioni

Ni rahisi kumlaumu mkulima kwa kupiga dawa kila baada ya siku tatu. Kabla ya kumlaumu, itazamwe hali yake. Mwaka 2014 nondo mdogo mwenye asili ya Amerika Kusini, aitwaye kitaalamu Tuta absoluta, aliingia Kenya na Tanzania, na mwaka uliofuata akawa amefika Uganda na Rwanda. Wakulima wa Tanzania walimpa jina la kantangaze. Kiwavi wake hujichimbia ndani ya jani na ndani ya tunda, mahali ambapo dawa ya kugusa haimpati, na kizazi chake hujenga usugu haraka. Shamba lisiloangaliwa linaweza kumalizwa lote. Mkulima aliyeshuhudia hilo msimu mmoja, msimu wa pili hataki kusikia habari ya kipimo cha kwenye lebo. Ataongeza, atachanganya mbili, atachanganya tatu. Wadudu waliokwisha kuwa sugu hawafi kwa hilo. Wanaokufa ni nyuki, na buibui waliokuwa wakila wadudu.

Juu ya hayo ndipo inapoingia simu. Dalali anapiga saa moja jioni: gari linaondoka kesho alfajiri, bei imepanda Nairobi, zinatakiwa matenga 30. Mkulima alipiga dawa jana. Kwenye lebo kuna mstari mdogo unaotaja muda wa kusubiri, yaani siku zinazopaswa kupita kati ya kupiga dawa kwa mara ya mwisho na kuvuna. Kwa dawa nyingine ni siku 3, nyingine 7, nyingine 14, na anayechanganya dawa anapaswa kufuata ile yenye siku nyingi zaidi. Akisubiri, gari litapakia kwa jirani. Karo ya mtoto iko kwenye matenga hayo. Anavuna.

Na alfajiri hiyo wanaoingia shambani kuchuma ni mke wake, watoto wake wakubwa na vibarua wawili, bila glovu, wakati majani bado yana umande uliochanganyika na dawa ya jana. Muda wa kusubiri huelezwa kila mara kama jambo la kumlinda mlaji, lakini unamlinda pia mchumaji, na yeye ndiye anayeguswa zaidi unapovunjwa.

Mfanyabiashara makini anaweza kujibu kwamba mankozebu ina mstari wa kijani kwenye pakiti, na kijani si hatari. Hapo pana kosa linalofanywa hata na wauzaji wa pembejeo. Rangi nne zilizo chini ya lebo, nyekundu, manjano, buluu na kijani, zinaeleza ukali wa dawa kwa anayeinywa, kuivuta au kumwagikiwa leo. Hazisemi lolote juu ya mtu anayeigusa kidogo kidogo kwa miaka 15. Mankozebu ni kweli haimuui mtu kwa haraka. Lakini inapovunjika, hasa kwa moto wa kupikia, hutoa kemikali inayovuruga tezi ya shingo, ile ambayo homoni zake zinahitajika kwa ukuaji wa ubongo wa mtoto aliye tumboni. Umoja wa Ulaya ulikataa kuihuisha idhini ya dawa hiyo mwishoni mwa mwaka 2020. Katika nchi nyingi za Afrika bado inauzwa kihalali, na haina maana kujifanya kwamba mkulima wa milimani ataacha kuitumia wakati wa masika. Kuipiga mwezi mmoja kabla ya mavuno na kuipaka juu ya tunda lililo tayari kuliwa si kitu kimoja.

Dawa inayorudi na gari

Gari lililopeleka nyanya halirudi tupu. Hurudi na sabuni, vyombo vya plastiki, mbegu, na mara nyingi dawa za kilimo, kwa sababu bei hutofautiana kati ya upande mmoja wa mpaka na mwingine. Nchi za Jumuiya zimekubaliana miongozo ya pamoja, lakini usajili wa viuatilifu unabaki wa kila nchi. Tanzania ni kazi ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), Kenya ni PCPB, na nchi nyingine zina vyombo vyake. Dawa iliyo halali upande mmoja inaweza kuwa magendo hatua mia moja mbele. Anayeipitisha kwa njia za panya ndani ya mfuko wa nguo anaweza asijue hata kwamba amevunja sheria.

Madhara ya njia hiyo hayaishii kwenye kodi iliyopotea. Dawa bandia ikiwa hafifu, mkulima huona wadudu hawafi, huongeza kipimo mara mbili na kukizoea. Siku anapopata dawa halisi huipima kwa kipimo kile kile cha bandia. Watu wengi hudhani bandia ni hasara ya mfukoni tu.

Kuna pia lugha. Chupa yenye maelezo ya Kiingereza ikivuka kuingia Burundi au Kongo, na yenye maelezo ya Kifaransa ikielekea upande huu, huwa haina lebo kwa anayeitumia. Lakini lililo baya kuliko yote ni kupima rejareja. Mkulima mwenye robo eka hahitaji lita nzima, naye hana fedha ya lita nzima, kwa hiyo muuzaji humfungulia na kumpimia kwenye chupa ya soda au ya maji. Chupa hiyo haina rangi ya onyo, haina jina, haina muda wa kusubiri. Inakaa dirishani. Dawa ya magugu ya parakwati ni mfano wa kutosha: haina dawa ya kuitibu, funda moja la ile ambayo haijazimuliwa linaweza kuua, na mtu hufa baada ya siku kadhaa mapafu yakigoma. Mfanyabiashara anayekubali kubeba mzigo wa namna hiyo kati ya maembe na mihogo, hata kwa kumsaidia ndugu, anabeba kitu kisichofaa kabisa kuwa kwenye chombo cha kinywaji.

Vyombo vitupu navyo vina soko. Madumu ya dawa ni imara, yana mfuniko mzuri, na hununuliwa kwa ajili ya mafuta ya kula, mafuta ya taa, maziwa na maji. Julai 2013, katika jimbo la Bihar nchini India, watoto 23 wa shule walikufa baada ya kula chakula cha mchana kilichopikwa kwa mafuta yaliyochafuliwa na kiuatilifu cha monokrotofosi. Uchunguzi ulielekeza kwenye chombo kilichokuwa na dawa hiyo kabla ya kutiwa mafuta. Kusuuza hakukirudishi chombo jikoni. Kanuni ni kukisuuza mara tatu na kumimina kila maji ya kusuuzia ndani ya bomba yakapigwe shambani, kisha kukitoboa ili mtu mwingine asije akakiuza. Mchuuzi wa madumu anayepita mpakani na fungu la bei rahisi aulizwe yalikuwa na nini. Harufu si kipimo, kwa sababu baadhi ya dawa hazinuki.

Mpaka unapofungwa

Wafanyabiashara wa mahindi hawajasahau Machi 2021, Kenya ilipotangaza kusimamisha mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Katazo lililegezwa siku chache baadaye kwa masharti, lakini magari yalikuwa yamekwisha kupanga foleni na hasara ilikuwa imeingia. Sumukuvu ni jambo tofauti na viuatilifu, ila mlango ni ule ule: siku mabaki ya dawa yakigeuka kuwa hoja ya mpakani, litakaloharibika haraka si mahindi yanayoweza kusubiri ghalani, ni nyanya.

Kenya yenyewe ilikwisha kuonja upande wa pili. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliamua kwamba asilimia 10 ya shehena za maharage mabichi na njegere za ganda kutoka Kenya zipimwe zinapofika, baada ya mabaki ya dimethoati kuonekana yakizidi kiwango. Gharama za ukaguzi zikapanda, na baadhi ya wasafirishaji wakaona rahisi kununua kwa mashamba makubwa kuliko kufuatilia bomba la kila mkulima mdogo.

Wengi wanaotumia Utaratibu Rahisi wa Biashara, ule wa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, hudhani fomu moja inamaliza yote. Fomu hiyo inahusu uasili wa bidhaa na ushuru. Cheti cha afya ya mimea ni jambo jingine, na ukaguzi wa usalama wa chakula ni jambo jingine tena. Maabara zipo, kama za KEPHIS jijini Nairobi, TPHPA mkoani Arusha na maabara ya serikali Wandegeya mjini Kampala, lakini mwenye matenga kumi hawezi kukaa mpakani akisubiri jibu la kemia huku mzigo ukiiva. Kwa biashara ya kiwango hiki hakuna kipimo kinachofaa kuliko swali linaloulizwa shambani kabla ya kulipa: dawa ya mwisho ilipigwa lini, na ilikuwa ipi?

Swali hilo lina maana tu kama jibu la kweli haliadhibiwi. Mkulima akisema alipiga juzi na mnunuzi akageuza gari, mara nyingine atadanganya. Akiambiwa kwamba gari litarudi Alhamisi kwa bei ile ile, atasema ukweli. Hapo ndipo vyama vya wafanyabiashara vina nguvu kuliko mtu mmoja mmoja, kwa sababu mnunuzi mmoja akisubiri na mwenzake akapakia usiku huo huo, aliyesubiri amekula hasara. Wanunuzi wa njia moja wakikubaliana ratiba ya kuchukua mzigo kwa zamu, kwa siku zinazojulikana, mkulima anaweza kuhesabu siku zake za dawa kwa kurudi nyuma kutoka siku ya gari. Daftari la kurasa 40 linatosha kuandika tarehe hizo.

Ama hofu ya nyanya kuoza njiani, ambayo ndiyo mama wa unga wote huu, ina majibu yasiyopitia kwenye bomba. Nyingi ya hasara ya safari hutokana na kubonyezwa na joto. Tenga refu lililojazwa mpaka juu kisha likashonewa majani huponda nyanya za chini kabla gari halijafika lami. Kreti fupi za plastiki hugharimu zaidi mwanzoni, lakini hurudi na kutumika tena, na huoshwa. Nyanya zichumwe zikianza tu kugeuka rangi, asubuhi kabla ya jua kali, ziwekwe kivulini, na zile zenye jeraha zitolewe kabla ya kupakia, maana moja iliyooza huambukiza kumi. Aina ya mbegu nayo ina uzito wake. Tengeru 97, iliyotolewa kutokana na utafiti uliofanyika Tengeru mkoani Arusha, inajulikana kwa kukaa muda mrefu baada ya kuchumwa. Mnunuzi anayemwambia mkulima msimu mmoja kabla kwamba atanunua aina fulani anafanya zaidi kupunguza dawa kuliko semina ya siku mbili.

Semina nazo si zote bure. Tangu mwaka 1999 mashamba darasa yamekuwa yakiendeshwa Kenya, Tanzania na Uganda, ambapo wakulima hukutana shambani kila wiki kuhesabu wadudu kabla ya kuamua kama kuna haja ya kupiga dawa. Kwa kantangaze wamejifunza kutundika mitego ya harufu inayonasa madume, kuokota na kufukia matunda yaliyotobolewa badala ya kuyatupa pembeni ya shamba, na kutopanda nyanya juu ya nyanya wala baada ya viazi. Kwenye mahindi, kilimo cha sukuma-vuta kilichoanzia utafiti wa icipe huko Mbita, magharibi mwa Kenya, huwafukuza bungua kwa zao la desmodiamu lililopandwa katikati ya mistari na kuwavuta kwa majani ya mifugo yaliyopandwa pembezoni. Mkulima anapata na malisho ya ng'ombe.

Kwa sasa, mfanyabiashara anayeshinda na mzigo huo mikononi ana ya kwake ya kuangalia: kunawa kwa sabuni kabla ya kula, kutofuta jasho usoni kwa mkono uliopanga nyanya, na kutopakia chakula kwenye gari lililomwagikiwa dawa hata kama limekauka. Na akimkuta mkulima au kibarua shambani ametokwa na mate mengi, mboni zimesinyaa na misuli inatetemeka, asimpe maziwa wala kumtapisha. Amtoe shambani, avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe kwa sabuni na maji mengi, kisha apelekwe kituo cha afya pamoja na chupa ya dawa, au picha ya lebo kwenye simu. Kwa dawa za organofosfeti kuna atropini, na mganga ataitoa kwa haraka zaidi akijua ni nini kilichopigwa.